Pesa za Mlangoni Si za Jenereta

Kila msimu wa mafuriko maswali ya matamasha ya hisani hunijia kwa wingi. Nimechagua matano.

Tunaandaa tamasha la kuwachangia majirani waliobomolewa nyumba na maji. Tukate asilimia ngapi ya kiingilio kulipia vyombo na jukwaa?

Sifuri. Nimeshaliandika hili mara nyingi na bado naulizwa. Aliyetoa 5,000 mlangoni ameitoa kwa sababu mlimwambia inakwenda kwa mtu anayelala darasani na wanawe. Vyombo, jukwaa, mafuta na walinzi vitafutieni mfadhili kabla hamjachapisha hata tiketi moja. Mkimkosa, acheni tamasha, pitisheni daftari la michango sokoni, msikitini na kanisani.

Niliwahi kukaa mlangoni katika tamasha la namna hii. Noti tulizitupia kwenye beseni la bluu la kufulia, likajaa hadi mama mmoja akalifunika kwa khanga yake. Saa nane usiku akaja mwenye jenereta, akafuata mwenye vyombo, kisha dereva wa bendi, kisha vijana wa ulinzi. Kila mmoja alihesabiwa chake kutoka beseni lile lile. Kulipokucha, kilichobaki kilitosha magunia mawili ya unga. Hakuna aliyeiba hata shilingi. Hatukuwa na bajeti, basi.

Kibali cha nini, wakati ni hisani?

Hisani haifuti sheria. Anzeni kwa afisa utamaduni wa halmashauri, mfuate taratibu za BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na za polisi. Na makaratasi ya kodi myamalize mapema. Tarehe 1 Agosti 1971, wanamuziki George Harrison na Ravi Shankar walifanya tamasha New York kwa ajili ya watu wa Bangladesh, waliopigwa na kimbunga cha Novemba 1970 kisha vita. Pesa za mlangoni, karibu dola 243,000, zilifika UNICEF. Lakini mapato makubwa ya santuri na filamu yalikwama kwa miaka mikononi mwa mamlaka ya kodi ya Marekani, kwa kuwa waandaaji hawakuomba msamaha wa kodi kabla. Wale walikuwa na wanasheria. Ninyi mna katibu na daftari.

Michango iingie kwenye simu ya mwenyekiti? Anaaminika sana.

Hapana, na tafadhali nisiulizwe tena. Baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 2016, Rais Magufuli alitengua uteuzi wa viongozi wawili kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina kama la akaunti ya maafa. Fungueni akaunti moja, watia saini watatu, mmoja wao awe miongoni mwa walioathirika. Jumla isomwe jukwaani usiku ule ule, watu wakiwa bado uwanjani.

Msanii mkubwa tumlipe kiasi gani?

Akitaja bei, mshukuruni na mwite kwaya ya mtaani.

Wasio na pesa walete nguo na vyakula badala ya kiingilio?

Inategemea mko siku ya ngapi. Tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang Desemba 3, 2023 na kuifunika sehemu ya Katesh, watu zaidi ya 80 walikufa, na walionusurika wengi walibaki na nguo walizovaa. Saa kama zile mtu anahitaji blanketi, sufuria, sabuni, taulo za kike. Lakini tamasha huchukua wiki sita au nane kuandaa, na kufikia hapo shida imeshakuwa bati, saruji, vitanda, ada. Nyumba zaidi ya 100 zilizojengwa Waret kwa ajili ya waathirika wa Hanang hazikusimama kwa mwezi mmoja. Kwa hiyo ulizeni kamati ya maafa ya wilaya inahitaji nini siku hiyo, na muombe hicho tu. Marundo ya nguo zilizochakaa ni kazi mnayowaongezea watu waliochoka.

Jambo moja ambalo hamkuuliza: msimpandishe mama aliyefiwa jukwaani ili watu walie na kutoa. Mtoto ndiyo kabisa, hata kama mzazi ameridhia. Mwiteni mwenyekiti wa kijiji asome orodha, kaya moja baada ya nyingine, na kila kaya inahitaji mabati mangapi.