Ingizo la balansi bado linavuma: je, kosa ni la rezista?

SWALI: Nimeunda amplifaya yenye ingizo la balansi (sauti huja kwa waya mbili, na amplifaya husoma tofauti kati yake): opampu moja, yaani chipu ya kukuza tofauti ya volti, na rezista nne za kilo-omu 10, za asilimia 1 (thamani inaweza kupotoka kwa kiasi hicho). Mvumo wa Hz 50, wa umeme wa nyumbani, bado upo. Nikipima ukinzani kwenye soketi ya XLR, pini ya 2 (waya chanya wa sauti) inaonyesha kilo-omu 20, pini ya 3 (waya hasi) kilo-omu 10 tu. Nimeshauriwa nibadilishe rezista ili pini hizo zilingane. Nifanye hivyo?

JIBU: Hapana, tafadhali usibadilishe. Ulichopima ni kweli, lakini ulipima pini moja huku nyingine ikiwa ardhini, na mvumo hauingii hivyo. Huja kwenye waya zote mbili kwa pamoja na kwa kiasi kilekile. Hapo opampu huinua ingizo lake hasi hadi nusu ya volti ya kelele, mkondo wa pini ya 3 unapungua kwa nusu, na pini hiyo nayo inakuwa kilo-omu 20. Kwa kelele, basi, zimeshalingana. Ukifuata ushauri ule utaharibu usawa pekee unaokusaidia.

Kinachoamua ni uwiano wa jozi mbili za rezista, moja kwa kila pini, kuwa sawa. Kwa asilimia 1, bahati ikiwa mbaya kabisa, kelele inapungua mara 50 tu, yaani desibeli 34. Kwa asilimia 0.1 ni mara 500. Jipimie mwenyewe: unganisha pini ya 2 na ya 3, zipe volti 1 ya Hz 50 dhidi ya ardhi, kisha soma kwenye pato la opampu. Ukiona milivolti 20, rezista zako ziko kwenye hali hiyo mbaya. Rudia ukiweka rezista ya omu 100 kwenye mguu mmoja, yaani kwenye njia ya pini ya 2 au ya 3. Hata rezista zingekuwa kamilifu, hizo omu 100 peke yake zingeleta milivolti 5, na kifaa kinacholeta sauti kinaweza kuwa na tofauti kama hiyo. Ndiyo maana napendelea kuweka bafa (saketi inayopitisha ishara bila kuikuza) mbele ya kila mguu, zenye ukinzani mkubwa wa kuingilia.

Lakini anza na pini ya 1, inayounganishwa na wavu wa kinga wa kebo. Kama umeipeleka kwenye ardhi ya bodi, mkondo wa wavu wa kinga unapita humo na kuzaa mvumo ambao hakuna rezista itakayoufuta. Ihamishie kwenye chasisi (sanduku la chuma la kifaa), palepale soketi ilipofungwa, ndipo upime upya.