Mama anaumwa magoti: nimnunulie vidonge vya antioksidanti au matunda yanatosha?

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 67, yuko Tukuyu, magoti yanamsumbua sana hasa asubuhi na kipindi hiki cha baridi, alafu ana sukari mwaka wa sita sasa. Juzi hapa Mwanjelwa kaka mmoja kaniambia kuna vidonge vya antioksidanti vinamaliza inflamesheni ya uzeeni, chupa elfu 85 na anatakiwa amalize chupa tatu. Jirani nae anasema nimpe tu matunda damu na mapera. Na hiyo sukari yake nifanyeje? (Msomaji, Uyole)

JIBU: Marahaba mwanangu, pole kwa kuuguza. Hiyo laki mbili na nusu usiitoe.

Inflamesheni yenyewe sio adui, ukijikata kidole kinavimba kinakuwa cha moto, hapo mwili unajitetea, baada ya siku kadhaa unatulia. Shida umri ukienda ule moto hauzimiki wote, unabaki kama makaa chini ya majivu miaka na miaka, unagusa moyo, mishipa, hata sukari inakuwa ngumu kushuka, na mafuta ya tumboni nayo yanaupepea. Mtaalamu wa Italia, Claudio Franceschi, na wenzake ndo walioupa moto huo wa uzeeni jina la "inflammaging" mwaka 2000.

Sasa matunda yanaingiaje? Rangi ile nyekundu ya tunda damu, weusi wa forosadi, vitamini C ya pera (gramu 100 za pera zina kama miligramu 228, chungwa lina kama 53 tu!), vyote hivyo ndo antioksidanti, yaani vinausaidia mwili kupunguza zile chembe zinazochokonoa seli. Lakini watu wanasahau nyuzinyuzi, na mimi naona hapo ndo penye utajiri, maana zikifika utumbo mpana bakteria wazuri wanazila wanatengeneza asidi zinazotuliza huo moto, na kidonge cha antioksidanti hakina hiyo kazi.

Kuhusu vidonge nataka unielewe vizuri. Kule Ufini wanaume wavuta sigara zaidi ya elfu 29 waliingizwa kwenye utafiti, wengine wakapewa vidonge vya beta karotini, ile rangi ya karoti na maembe, kila mtu akitegemea saratani ya mapafu itapungua. Majibu yakatoka 1994, waliomeza beta karotini waliipata zaidi, kwa asilimia 18! Kitu hichohicho ndani ya embe hakina shida, kikichomolewa peke yake kwa dozi kubwa mambo yanabadilika. Ndo maana naogopa sana chupa za mtaani, tena kwa mtu anayemeza dawa za sukari.

Kwa sukari yake tunda ale zima, sio juisi. Watu wanakamua matunda damu wanamwagia vijiko vya sukari kisha wanasema wanakula dawa, hapana jamani. Pera moja asubuhi, tunda damu moja au mawili jioni ale kwa kijiko, apime sukari aone mwili wake unavyopokea. Na parachichi! Rungwe nzima imejaa miparachichi ila unakuta mzee anauza yote hadi la mwisho yeye analalia ugali na chumvi, inaniuma kwelikweli. Lina sukari kidogo sana na mafuta yake yanasaidia mwili kufyonza zile rangi za mboga na matunda, nusu parachichi na mboga ya majani inamtosha.

Magoti sasa. Kama gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye goti, imesagika matunda hayairudishi, nisikudanganye, hapo ni mazoezi mepesi, kupunguza uzito kama umezidi na dawa za hospitali. Kama goti limevimba, lina joto, au asubuhi linakakamaa zaidi ya nusu saa, usisubiri mwezi uishe, mpeleke apimwe. Nenda na dawa zake zote mkononi, na kama anapenda balungi mwambie daktari, maana linagombana na baadhi ya dawa za presha na za kolestro.