Fundi Anajibu: Mchuuzi mmoja analala, seva nzima inaganda

SWALI: Shikamoo kaka fundi. Niko chuo mwaka wa tatu hapa Dodoma, natengeneza gemu la soko la samaki, wachezaji wengi wanaingia kwa pamoja wananunua wanauza, seva nimeandika kwa C. Kila mchuuzi wa kompyuta ana kiskripti chake, anatembea mpaka mezani, anasubiri sekunde tatu, anataja bei, anasubiri jibu. Mwanzo niliweka sleep tu, seva yote ikawa inaganda sekunde tatu. Nikampa kila mchuuzi thredi yake (mkondo wake wa kodi unaokimbia sambamba na wengine), hapo ndo balaa, samaki wanapotea, pesa zinazidi, nikaweka loki (kufuli la data, mmoja tu ashike kwa wakati) kila kona sasa loki zenyewe zinasubiriana mpaka asubuhi. Jamaa mmoja kaniambia nitumie thredi za kupishana. Laptopu yangu Windows, seva ya kukodi Linux. Kodi inaweza kuwa moja?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huyo jamaa kakushauri vizuri, mnunulie soda.

Chukulia maiki ya harusini. Thredi za kawaida ni MC mkali, mtu yuko katikati ya neno ananyang'anywa maiki anapewa mwingine, kwa hiyo mchuuzi wako ameshatoa samaki kwenye kapu ila hela hajapokea, paap, kanyang'anywa, anayefuata anakuta hesabu hazieleweki. Kwenye za kupishana hakuna kunyang'anyana, anayeongea anaongea mpaka mwenyewe aseme haya shika. Raha yake ni kwamba kati ya kushika na kuachia hakuna wa kukugusa, zile loki karibu zote unafuta. Ubaya wake unaujua, kila ukoo una yule mjomba akishika maiki haachii. Kwa gemu la aina yako ndo dawa yenyewe, na wakubwa wametumia, EVE Online ya CCP kule Aisilandi iliyotoka 2003 imejengwa juu ya Stackless Python, na sifa kubwa ya hiyo Stackless ni hivi vithredi vidogo vya kupishana.

Sasa interfesi. Wengi wanaanza na Windows inasemaje, Linux inasemaje, wanajaza ifdefu (mistari ya kutenganisha kodi ya Windows na ya Linux) kila faili mpaka kodi (sio ya TRA) haisomeki. Wewe anza na mchuuzi, anahitaji nini? Kuzaliwa, kuamshwa, kupisha, kuzikwa. Basi. Hizo thredi za kupishana tuziite faiba. faiba_unda unaipa fanksheni, data yake na ukubwa wa staki (memori yake ya kazi). faiba_amsha anaita MC tu, yaani ile lupu kuu ya seva, faiba wasiamshane wenyewe kwa wenyewe maana baada ya wiki hutajua nani kamwamsha nani. faiba_pisha anaita mchuuzi mwenyewe akiwa ndani, anarudi kwa MC. faiba_zika inarudisha memori. Kulala sekunde tatu, kungoja soketi (muunganisho wa mtandao), kungoja jibu la mteja, vyote unavijenga juu ya hizo nne na havijui kabisa viko kwenye mashine gani. Chini kunakuwa na faili mbili, ya Windows na ya Linux, na ni hizo mbili tu zinazojua siri.

Ya Windows ni fupi, ConvertThreadToFiber mara moja mwanzoni, CreateFiber, SwitchToFiber, DeleteFiber. Ya Linux unatumia getcontext, makecontext na swapcontext, POSIX (kiwango cha mifumo ya jamii ya Unix) ilizifuta toka 2008 ila glibc (maktaba ya C ya Linux nyingi) bado inazo, ukipeleka kwenye Alpine (Linux ndogo inayotumia maktaba ya musl) ndo utalia maana musl haina. Alafu makecontext inapokea vigezo vya int, pointa (anwani ya memori) ya biti 64 haipiti salama, watu wanaikata vipande viwili, mimi naweka faiba wa sasa kwenye globali kabla ya kuruka na maisha yanaendelea. Ni kweli swapcontext ya glibc inapiga hodi kwenye keneli (kiini cha mfumo) kila ikiruka kwa ajili ya maski ya signali (orodha ya signali zilizozuiwa), lakini kwa wachuuzi mia tano hutaisikia, mambo ya kuandika asembli yako mwenyewe acha kwanza.

Mtego ulionila mimi usiku mzima ni huu, faiba akimaliza kazi anaenda wapi? Windows fanksheni ya faiba ikirudi tu, thredi nzima inakufa, na kama seva ndo hiyo thredi moja basi inazima kimya, hamna hata ujumbe wa kosa. Linux inaenda kwenye uc_link (sehemu uliyoitaja ya kwenda ikimaliza), usipoiweka yale yale. Kwa hiyo fanksheni ya mchuuzi usiipe mashine moja kwa moja, iite kutoka ndani ya fanksheni yako ya kufungia, ikirudi unaandika "imekwisha", unaruka kwa MC na hurudi tena. Na MC ndo azike, maiti hajiziki mwenyewe, DeleteFiber ukiiita juu ya faiba anayekimbia unaua thredi vile vile.

Staki kilobaiti 64 kwa kila mmoja inatosha, wachuuzi 500 ni kama megabaiti 32, ila sasa usije ukaandika char bufa[65536] (hiyo peke yake ni kilobaiti 64) ndani ya fanksheni alafu ukaniandikia tena. Kwenye Linux staki itoe kwa mmap (ya kuomba memori), ukurasa wa chini kabisa ufunge kwa mprotect (ya kuzuia usiguswe), ili anayezidisha afe pale pale kuliko kumchafulia jirani ukatafuta bagi siku nne.

Haya, kuna kitu hukuuliza na ndo kitakutesa kuliko vyote. Tazama hii:

m = mtafute(id);
sema(m, "Kibua fungu 3000");
lala(3);
m->pesa -= 3000;

Inaonekana safi eti? Hizo sekunde tatu za kulala maiki iko kwa wengine. Mteja bando limekata katoka, memori yake imeshafutwa, na wewe unamkata hela marehemu, seva inaanguka, au mbaya zaidi haianguki, inaandika juu ya mtu mwingine. Au hajatoka, ila kapita meza ya pili kamaliza hela yote, sasa ana hasi 3000. Kwa hiyo ukishapisha sahau kila ulichokuwa unakijua, shika id sio pointa, ukiamka mtafute upya, angalia hela upya. Na id iwe na namba ya zamu ndani, kiti namba 7 akitoka mmoja akaingia mwingine wasifanane. Mimi huwa kila fanksheni inayopisha naipa mkia, lala_pisha, ngoja_jibu_pisha, ni sura mbaya kidogo lakini jicho linaona mwenyewe maiki inaondoka wapi.

Mjomba sasa. Seva yangu moja ilikuwa inaganda kila jioni, nikalaumu faiba, nikalaumu mtandao, kumbe ni mstari mmoja wa getnameinfo nilioweka ili logi ionekane nzuri na majina ya hosti, DNS (mfumo wa majina ya mtandao) ikichelewa watu wote wanasimama kumsubiri mjomba. Diski, databesi, majina ya hosti, hivyo vyote wape thredi moja ya kawaida pembeni, mchuuzi anaacha swali kwenye foleni anapisha, jibu likija MC anamwamsha. Foleni hiyo ndo mahali pekee utaweka loki. Soketi zote ziwe za kutozuia. Kama unatumia select (ya kusubiri soketi nyingi kwa pamoja), kumbuka Windows kwa kawaida inabeba soketi 64 na Linux 1024, namba ya Windows unaweza kuipandisha kwa FD_SETSIZE kabla ya kuingiza winsock2, usipofanya hivyo kuna mchezaji atapiga kelele na hakuna atakayemsikia.

SWALI: Fundi, salamu kutoka Mombasa. Seva yangu iko na kori nne lakini ni moja tu inachemka, hizo tatu zimelala. Naeza ruhusu faiba waruke kutoka thredi moja hadi nyingine?

JIBU: Waweza, ila mimi nakushauri wacha. Faiba alipisha akiwa kwa thredi ya kwanza akaamka kwa ya tatu, vitu kama errno (namba ya kosa la mwisho) ni vya kila thredi na kompaila huenda alishakumbuka anwani ya zamani, hapo utaona maajabu ambayo hayarudii mara mbili. Naughty Dog (studio ya gemu) walieleza GDC 2015 (mkutano wa watengeneza gemu) jinsi faiba wao 160 wanavyofanya kazi kwa kori zote sita, lakini wale ni kikosi kizima na mashine ni moja inayojulikana. Wewe gawa gemu, kila mtaa au soko liwe na thredi yake, faiba azaliwe na azikwe hapo hapo, mchezaji akihama mtaa apitie kwa foleni.

SWALI: C imenishinda kaka, hizi korutini za Lua zinafaa? Niko Mwanza.

JIBU: Zinafaa sana, zipo toka Lua 5.0 ya 2003, wale Wabrazil wa Rio walifanya kazi ya maana. coroutine.yield ndo kupisha, coroutine.resume ndo kuamsha, na hapo Windows na Linux hata hujui tofauti yake. Ukiona "attempt to yield across a C-call boundary" ujue umejaribu kupisha huku kuna fanksheni ya C katikati iliyoita Lua, mara nyingi kwenye kolbaki, itoe hiyo katikati au kwa Lua 5.2 kwenda mbele tumia lua_callk. Yale ya mteja aliyekatika bando yanakuhusu na wewe pia, soma jibu la Dodoma hapo juu.