Hizo mbao za mwembe zisiguse skrubu

Weka chini hiyo drili, yakhe. Nimesoma ulivyoandika: mbao 4 za mwembe za futi 12, umezipata kwa bei ya kutupa, Ijumaa unaanza kupiga ubao wa mchagoni wa kitanda cha 5 kwa 6, na harusi mwezi ujao. Unauliza upake vanishi gani, uweke miguu au ufunge ukutani, na kama sponji na kitambaa vitapendeza. Halafu katikati umechomekea, tena kwa furaha, kwamba ukizigusa "zina ubaridi fulani hivi" na msumari unaingia kama kwenye mgomba. Nilipofika hapo chai ilinipalia. Huo ubaridi ni maji, na wewe umeyalipia kwa bei ya mbao.

Mimi nilinunua hizo hizo, hapa hapa Chake Chake, Pemba, kando ya barabara. Muuzaji akaniapia kuwa mti umekatwa mwaka jana. Akaapa kwa jina la Mungu, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, nikaona haya kumhoji. Nilipopiga randa, maranda yakatoka marefu, laini, yananata vidoleni kama ganda la ndizi mbivu, na harufu yake tamu yenye uchachu. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikajisemea mbona kazi nyepesi hivi, kumbe nimezaliwa seremala na wazee wamenificha.

Linaloniuma zaidi ni kwamba mimi Mpemba. Nimekulia juu ya jamvi la karafuu. Tunaanika, tunageuza, wingu likitanda tunakimbiza ndani, tunaivunja kwa vidole kusikiliza kama inalia. Kilo 3 mbichi zinakupa kama kilo 1 kavu, hilo hata mtoto wa chuoni analijua. Aniletee mtu karafuu mbichi aniambie kavu, nitamcheka mbele za watu. Mbao nikaambiwa kavu, nikasema alhamdulillahi.

Basi nikakata vipande 10 vya futi 4, upana inchi 6 kila kimoja, nikavisimamisha bega kwa bega, gundi kila ubavu. Nyuma nikapitisha mikanda miwili ya mbao kwa mlalo na kila kipande nikakipiga skrubu 4. Nilikaza mpaka mkono ukaota lengelenge. Juu yake vanishi mikono mitatu, na ilikuwa mwezi wa tano, masika bado yanamwaga. Nilipiga picha nikatuma kwenye kundi la familia. Hizo picha bado zipo, shemeji zangu wamezihifadhi kwa matumizi yao.

Mwezi wa saba, usiku wa manane, ubao ukapasuka. Usidhani ni kale kamlio ka mbao ya dari, huu ulikuwa mlio wa risasi, hapo hapo juu ya vichwa vyetu. Mke wangu akaamka anasoma Ayatul Kursiy, mimi nikaamka natafuta panga. Tulipowasha taa, kati ya kipande cha nne na cha tano palikuwa na ufa unaopitisha sarafu ya mia mbili imesimama. Wiki iliyofuata cha saba kikapasuka chenyewe, kutoka tundu la skrubu mpaka tundu la skrubu. Vanishi ikawa na weupe kama maziwa yaliyomwagika, ikaanza kubanduka. Jumla ya hasara ilikuwa shilingi 140,000, ukihesabu mbao, gundi, vanishi na drili ya kukodi, na hapo sijahesabu heshima.

Sababu nimekuja kuelezwa baadaye na seremala mmoja wa Wete, mpole kupita nilivyostahili. Mbao ikikauka, urefu wake karibu haubadiliki. Kinachopungua ni upana. Vile vipande 10 vyote vilikuwa vinasinyaa kwa upana, na ile mikanda ya nyuma imelala kwa urefu wake, haisogei. Skrubu zimeshika huku na huku kama watu wanaogombea mtoto. Lazima kitu kiachie.

Na yule jamaa wa video za useremala, Mmarekani, anayeanza ubao asubuhi na jioni anatandika kitanda! Sikatai, kazi yake nzuri. Lakini yeye kanunua mbao iliyotoka kwenye tanuri la kukaushia, wewe umenunua mti uliokuwa na maembe juzi.

Kwa hiyo mbao ipimwe kwenye mizani, basi. Usiamini kiapo, usiamini rangi, usiamini "igonge usikie". Kata kipande kimoja, kipeleke dukani kwenye mizani ya karafuu, andika kilo kwa penseli ubavuni, na kila Ijumaa ukirudishe. Ikiwa kinapungua, bado. Changu cha raundi ya pili kilianza kilo 4.5. Wiki ya 13 kikagota kwenye kilo 3, na wiki 3 mfululizo kikabaki hapo hapo. Ndipo nikashika randa, na safari hii maranda yalivunjika vumbi.

Katika kungoja huko zipange kivulini, zisiguse chini, vijiti kati ya mbao na mbao upepo upite, na vichwa vyake vipake rangi yoyote iliyobaki ili visipasuke. Juani usithubutu, zitapinda kama upinde. Na ukifika kwenye mikanda ya nyuma, matundu yake yatoboe marefu kwa mlalo, skrubu iwe na pa kutembelea. (Ungeniuliza kabla ningekwambia utafute moyo wa mfenesi, ule wa manjano. Mwembe hata ukikauka dumuzi wanaupenda, asubuhi unakuta unga juu ya foronya unadhani ni poda. Lakini umeshanunua.)

Miguu au ukuta? Miguu, ifungwe kwenye mfumbati, nyumba zetu plasta yake ukiipiga msumari inamwagika yote.

Harusi haitangoji, najua. Tundika mkeka wa ukindu wa rangi mchagoni, mpana, ubanwe juu kwa fito. Mke wangu alifanya hivyo ule ubao wangu ulipoenda jikoni kuwa kuni, na wageni waliusifia mkeka kuliko walivyowahi kunisifia mimi.

Leo jioni kabla duka halijafungwa kata hicho kipande. Kilo zake na tarehe uniandikie hapa chini.