Maswali ya Wasomaji: Data Ukiwa Nchi ya Watu

Barua za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: simu imetoka nyumbani nzima, imefika ugenini imegeuka saa ya mkononi. Nyingi zinatibika kwa dawa moja. Laini mbili zigawane kazi: ya zamani ibaki kupokea meseji na simu, ya safari ibebe data. Yaliyobaki ni kujua wapi mambo hukwama.

Swali: Nilishuka ndegeni, sikupiga simu wala kufungua ukurasa wowote. Nafika hotelini, salio lote limekwisha. Nani kalila?
*Mwenye uchungu*

Jibu: Simu yenyewe. Ulipoondoa hali ya ndege, laini yako ilijisajili kwenye mnara wa kampuni ya huko. Hiyo ndiyo romingi. Kama data ya romingi ilikuwa imewashwa, simu ilianza kufidia saa zote ilizokaa kimya: picha zikapanda kwenye hifadhi ya wingu, barua pepe zikashuka, programu zikajisasisha, video za makundi ya WhatsApp zikajipakua. Yote hayo ikiwa mfukoni. Bila kifurushi cha romingi, kila megabaiti hutozwa peke yake, tena kwa bei isiyofanana kabisa na ya nyumbani. Wenye laini za kulipa mwisho wa mwezi ndio huumia zaidi, maana hakuna salio la kuisha likawazuia.

Zima data ya romingi ya laini hiyo kabla ya kupanda ndege. Usingoje kushuka, kwa sababu dakika mbili za kutafuta mahali pa kuzimia zinatosha kufanya uharibifu.

Kuna mlaji wa pili asiyejulikana sana, naye ni kisanduku cha sauti. Mtu akikupigia ukiwa ng'ambo, simu hiyo husafirishwa hadi ulipo. Usipopokea, inageuzwa kurudi nyumbani ikaingie kisandukuni, na zipo kampuni zinazokutoza kwenda na kurudi. Piga ##002# ukiwa bado nyumbani; msimbo huo unafuta uelekezaji wote wa simu. Ukirudi itabidi uuwashe upya, basi kumbuka.

Mwisho, angalia jina la mtandao ukiwa melini, ndegeni au karibu na mpaka. Meli na ndege nyingi zina mtandao wao unaopitia setilaiti, na vifurushi vingi vya romingi haviugusi. Mpakani nako simu inaweza kuudaka mnara wa nchi jirani kwa kuwa una nguvu zaidi. Ondoa uchaguzi wa mtandao wa kiotomatiki, uchague mwenyewe.

Swali: Nimenunua laini ya eSIM ya safari, ile isiyo na kadi ya plastiki, na nimeskani msimbo wa QR. Mtandao unaonekana umejaa, lakini hakuna kinachofunguka. Mahali pengi nimesoma kwamba nisiwashe romingi kamwe. Nimekosea wapi?
*Aliyekwama uwanja wa ndege*

Jibu: Washa romingi. Ushauri uliousoma ni sahihi kwa laini yako ya nyumbani, na ni kosa kwa eSIM ya safari. Wauzaji wengi wa laini hizi hawana minara hata mmoja. Wanachokuuzia ni laini ya kampuni ya nchi ya tatu yenye mkataba wa romingi na kampuni za unakokwenda. Kwa hiyo eSIM hiyo iko ugenini kama wewe, na bila ruhusa ya romingi itaonyesha mtandao tu isipitishe data. Hakikisha unaiwashia laini hiyo peke yake. Simu ya laini mbili huwa na swichi mbili tofauti.

Ikigoma bado, fuata mpangilio huu, kwa sababu kila hatua inaondoa kisababishi kimoja. Kwanza angalia laini iliyochaguliwa kubeba data. Simu nyingi huacha ile ya zamani hata baada ya eSIM kuingia. Pili, APN, yaani jina la njia ambayo data hupitia. Muuzaji huliandika kwenye barua pepe ya manunuzi, mara nyingi neno moja fupi la herufi ndogo. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa: kibodi ya simu hugeuza herufi ya kwanza kuwa kubwa, na ukichagua neno inalopendekeza, huongeza nafasi mwishoni. Jicho haliioni nafasi hiyo, mtandao unaiona. Futa, andika herufi kwa herufi, hifadhi. Jina la mtumiaji na nywila kwa kawaida huachwa wazi. Kwenye iPhone kagua pia kama kuna wasifu wa usanidi, yaani faili la mipangilio ya mtandao, uliosalia kutoka kampuni ya zamani, kwani unaweza kulazimisha APN yake.

Tatu, weka hali ya ndege nusu dakika, uitoe, usubiri dakika mbili. Nne, chagua mtandao kwa mkono: eSIM inaweza kuwa na mkataba na kampuni moja tu kati ya tatu zilizopo, na simu ikang'ang'ania ile isiyo yake. Tano, zima simu na uiwashe.

Usilolifanya hata kwa hasira: usiifute eSIM ili uanze upya. Misimbo mingi ya QR hutumika mara moja tu. Ukishafuta, msimbo uleule utakataliwa, na utabaki ukibembeleza huduma kwa wateja kwa Wi-Fi ya mgahawa.

Kwa ambao hawajanunua: piga *#06#. Ikitokea namba ya EID (utambulisho wa eSIM) yenye tarakimu 32 pamoja na IMEI (namba ya utambulisho wa simu yenyewe), simu inakubali eSIM. Hakikisha pia simu haijafungwa kwa kampuni moja. Na kwa kuwa eSIM hupakuliwa kwa intaneti, iingize ukiwa nyumbani kwenye Wi-Fi. Ila soma kwanza siku zinaanza kuhesabiwa lini. Nyingine huanza siku unapoiingiza, nyingine siku inapogusa mnara wa kwanza nchini unakokwenda. Kwa aina ya kwanza, ingiza usiku wa kuamkia safari.

Swali: Nikitumia laini ya safari, benki itanitumia wapi namba ya siri ya kuthibitisha malipo? Na WhatsApp yangu je?
*Mfanyabiashara*

Jibu: Namba ya benki itafika palepale, kwenye laini ya zamani, mradi uiache imewashwa bila data. Meseji hazihitaji data. Uliza tu mambo mawili kabla ya kuondoka: kama laini yako imefunguliwa romingi (kuna kampuni zinazoifungua kwa ombi tu), na kama kupokea meseji ng'ambo kuna malipo. Kupokea simu ya sauti mara nyingi kunatozwa, kwa hiyo usipokee kila anayesalimia.

Kwenye simu ya laini mbili ipo swichi inayoiruhusu kuhamisha data kwenda laini nyingine pale mtandao unapokuwa dhaifu. Izime. Ukiiacha na data ya romingi iko wazi, laini ya nyumbani itaanza kulipia data kila eSIM inapoyumba, nawe hutajua.

WhatsApp inafungamana na namba uliyojisajilia, haina habari na laini inayoipelekea data. Ikikuuliza kama unataka kuhamia namba mpya, kataa. Wa iPhone wafahamu kwamba iMessage na FaceTime hujithibitisha kwa kutuma meseji ya kimyakimya nje ya nchi kila laini inapobadilishwa, na meseji hiyo inaweza kutozwa.

Kama benki yako inakubali, hamia kwenye programu ya kuzalisha namba za uthibitisho. Inafanya kazi bila mtandao wowote kwa sababu inahesabu kwa saa ya simu. Saa ikikosea, namba zinakataliwa, kwa hiyo iache ijipange yenyewe.

Swali: Naenda wiki mbili. Gigabaiti ngapi zitanitosha? Kuna kifurushi wanakiita "bila kikomo", nichukue hicho niache kupiga hesabu?
*Mpenda hesabu*

Jibu: Hesabu haiepukiki. Meseji, picha chache, ramani, barua pepe na kutafuta mambo: weka megabaiti 250 kwa siku, yaani gigabaiti 3.5 kwa siku 14. Simu ya sauti kupitia intaneti hula takriban nusu megabaiti kwa dakika. Ya video inaweza kula megabaiti 10 au zaidi. Mtu anayezungumza na familia dakika 20 kila siku kwa sauti atatumia megabaiti 140 kwa safari nzima; kwa video, gigabaiti 2.8. Jumla ni gigabaiti 6 na ushei, hivyo nunua 10 ulale usingizi. Filamu ni habari nyingine: saa moja ya ubora wa kawaida ni takriban gigabaiti 0.7, na ya ubora wa juu inaweza kufika 3. Zipakue kabla ya safari, pamoja na ramani ya mji. Ramani iliyohifadhiwa hukuonyesha ulipo bila data, kwa sababu GPS hupokea ishara za setilaiti moja kwa moja.

Sasa hilo "bila kikomo". Soma maandishi madogo. Aghalabu utakuta kiasi fulani kwa siku kwa kasi kamili, kisha kasi inashushwa, pengine hadi kilobiti 128 kwa sekunde. Kilobiti 128 ni kilobaiti 16. Picha ya megabaiti 3 itachukua zaidi ya dakika tatu kupanda. Meseji za maandishi zitapita, ramani itakuja vipande vipande, video sahau. Angalia pia kama kinaruhusu hotspoti, yaani simu kugawia vifaa vingine data yake. Vingi vinaizuia au kuipimia kiasi chake.

Ukiruhusiwa, kabla ya kuunganisha kompyuta iambie kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo. Usipofanya hivyo itauchukulia kama Wi-Fi ya nyumbani na kuanza kupakua masasisho ya gigabaiti kadhaa. Kifurushi cha wiki kinaweza kwisha kabla ya kifungua kinywa.

Swali: Nikinunua laini Italia, itafanya kazi nikivuka kwenda Ujerumani na Uswisi?
*Mwenye treni*

Jibu: Ujerumani ndiyo, Uswisi inategemea. Tangu tarehe 15 Juni 2017, laini ya nchi moja ya Umoja wa Ulaya hutumika katika nchi nyingine za Umoja huo bila tozo ya ziada ya romingi, na Norway, Iceland na Liechtenstein zimo. Uswisi haimo, wala Uingereza haimo tangu ilipojitoa. Kampuni nyingine huzijumuisha kwa hiari, nyingine hazifanyi hivyo, kwa hiyo uliza dukani. Uliza vilevile kiasi cha data kinachotumika nje ya Italia: kampuni inaruhusiwa kuweka ukomo, na kifurushi cha gigabaiti 100 kinaweza kukuruhusu sehemu yake tu ukivuka mpaka.

Swali: Rafiki yangu alikuwa China akitumia WhatsApp vizuri kwa laini yake ya romingi. Akiingia Wi-Fi ya hoteli inakata. Kwa nini?
*Mdadisi*

Jibu: Kwa kawaida data ya romingi haitokei kwenye intaneti ya nchi uliyopo. Hubebwa kutoka mnarani hadi kwenye mitambo ya kampuni iliyotoa laini, na kutokea huko. Vizuizi vya China dhidi ya huduma kama WhatsApp haviigusi kwa namna vinavyoigusa Wi-Fi ya hoteli au laini ya kununua hukohuko. Mzunguko huo una gharama: data inakwenda na kurudi mbali, hivyo simu za video huchelewachelewa hata mtandao ukiwa umejaa. Tena tovuti hukuona uko kwenye nchi ya laini. Ndiyo maana ukitumia eSIM ya nchi ya tatu, benki inaweza kushtuka ikaifunga akaunti kwa muda. Ijulishe kabla, au fungua programu yake kwa laini ya nyumbani kwa dakika moja.

Swali: Mimi ni wa laini ya plastiki, sitaki mambo ya eSIM. Niangalie nini nikinunua huko?
*Wa zamani*

Jibu: Nenda na pasipoti, nchi nyingi husajili mwenye laini. Weka laini mpya na uijaribu data palepale kaunta, Wi-Fi ikiwa imezimwa. Laini ya zamani ibandike kwa utepe wa gundi nyuma ya pasipoti. Kadi ya ukubwa ule ikidondoka kwenye zulia la hoteli imekwenda.

Kama simu yako ni ya 3G, usitegemee Marekani: kampuni kubwa za huko zilizima 3G mwaka 2022. Na ukikaa sana Uturuki, simu ya nje iliyowekewa laini ya Kituruki hufungwa baada ya siku 120 isiposajiliwa kwa malipo. Kizuizi hicho huishika IMEI ya simu, kwa hiyo kununua laini nyingine ya Kituruki hakutaifungua. Laini ya nje iliyo kwenye romingi huwa haiguswi.