Taka na majitaka Dar es Salaam: maswali ya wasomaji

Tunalipa ada ya taka kila mwezi, lakini hapa Manzese gari halifiki uchochoroni kwetu. Nani awajibike?

Ni halmashauri ya manispaa. Uzoaji taka ni jukumu lake kisheria, na mkandarasi ni wakala wake tu, hata kama ndiye anayewakatia risiti. Mwandikieni mtendaji wa mtaa, nakala kwa afisa afya wa kata, mkitaja siku ambazo gari halikuonekana. Daini pia kwamba mkataba utamke wazi kuwa pasipopita gari lazima lipite guta au mkokoteni hadi kwenye ghuba la kukusanyia taka, kwa kuwa anayeishi uchochoroni hulipa ada kama aliye barabarani.

Je, nichome taka uani wakati nasubiri?

Usichome. Moshi wa plastiki ni sumu kwa watoto wako na wa jirani.

Choo chetu cha shimo kimejaa na gari la majitaka haliingii. Majirani wanangoja mvua watapishe. Hakuna njia nyingine?

Ipo, na nawasihi msitapishe. Anayetoboa shimo mvua ikinyesha hupeleka kinyesi mlangoni kwa jirani wa bondeni na katika visima vifupi ambavyo wengi bado wanavitegemea, katika jiji ambalo kipindupindu kilizuka Agosti 2015 kikasambaa hadi mikoa mingine. Hata hivyo siwalaumu maskini peke yao, kwa sababu mpira wa kunyonyea wa gari la majitaka una kikomo cha urefu na malipo hutakiwa yote kwa mkupuo. Vipo vikundi vidogo, Temeke kwa mfano, vilivyojifunza kutumia pampu ya mkono iitwayo gulper: huisimamisha juu ya tundu la choo, huvuta mpini juu na chini, tope likapanda na kumwagika kwenye mapipa, kisha chombo cha magurudumu matatu huyapeleka kwenye mtambo wa kulisafisha. Mwulizeni afisa afya kikundi kilichosajiliwa karibu nanyi. Pasipo nafasi ya kuchimba shimo jingine, mabomba membamba ya majitaka yanayolazwa kina kifupi, kama yaliyowekwa Vingunguti, ndiyo suluhisho la kudumu, na manispaa pamoja na DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya Dar es Salaam, wanapaswa kuyapa kipaumbele.

Kwa nini taka zipelekwe mbali kote huko Pugu?

Kwa sababu makazi yaliyafikia madampo ya awali. Wakazi wa Tabata waliishitaki Halmashauri ya Jiji kwa ajili ya dampo lililokuwa kwao mwaka 1988 na wakashinda. Taka zikahamia Vingunguti, baadaye Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Jiji lilikuwa na watu milioni 4.4 mwaka 2012 na milioni 5.4 mwaka 2022, kwa hiyo Pugu nako makazi yanasogea. Sehemu kubwa ya mzigo ni mabaki ya chakula na ya sokoni yaliyojaa maji, na kuyatoa Bunju hadi Pugu ni kuteketeza mafuta ya gari bure. Kinondoni ina kiwanda cha mboji Mabwepande. Masoko ya Ilala na Temeke yanastahili viwanda vya aina hiyo karibu nayo.