Jibu: Jiwe la Ujiji si la ziwani

Ndugu, umeuliza kama jiwe jeusi ulilonunua Ujiji, lenye umbo jeupe lililochongoka kama mkuki, lilitoka Ziwa Tanganyika kama muuzaji alivyosema, na uliandike jina gani. Halikutoka huko, hata muuzaji akiapa. Umbo hilo ni kisukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka jiwe, cha kiumbe wa bahari wa jamii ya pweza na ngisi, na jamii hiyo haijawahi kuishi katika maji yasiyo na chumvi.

Mawe mengi ya namna hiyo hung'arishwa Moroko na kuuzwa kama Orthoceras, jina la kisayansi la kundi moja la viumbe hao. Jina hilo la mwaka 1789 lilibandikwa karibu kila gamba lililonyooka. Siku hizi limebaki kwa visukuku vya eneo la Baltiki, kaskazini mwa Ulaya, vya kipindi cha Ordovisi (zaidi ya miaka milioni 440 iliyopita), vyenye mifereji mitatu kwenye chumba cha mwili, yaani sehemu ya gamba alimokaa mnyama.

Kagua kuta zinazogawa gamba kuwa vyumba, na mrija unaovipitia vyumba hivyo. Ukiviona, andika "nautiloidi mnyoofu", yaani kiumbe wa jamii hiyo mwenye gamba la vyumba lililonyooka. Spishi usiitaje.